Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchambua data za ugezi wa DSC bila kuitegemea indiamu peke yake

"Yaya, indiamu inasoma 156.60 sawasawa, lakini risasi imenikataa." Yaani metali ya indiamu inaonyesha joto lake sahihi la kuyeyuka, lakini metali ya risasi haionyeshi lake. Ujumbe wa namna hii unanifikia tena na tena kutoka kwa vijana wa labo za madini na vyuo hapa Lubumbashi. Nikiomba mafaili, nakuta mambo yaleyale: mtu amepima indiamu mara moja, amebonyeza kitufe cha ugezi kwenye programu, mashini imejibadilisha, na data ghafi hakuna anayejua zilipo.

Ugezi, au kalibresheni kama wengi tunavyosema kazini, ni hesabu unayoifanya wewe mwenyewe kabla ya kuiruhusu mashini ibadilike. Mwongozo huu unahusu hesabu hiyo kwa DSC, ile kalorimita inayolinganisha joto linaloingia kwenye sampuli na joto linaloingia kwenye kikombe kitupu kilicho kando yake. Karibu na mwisho kuna sehemu fupi ya TGA, kwa wale ambao mashini yao inapima na uzito.

Vipimo vya mfano humu ndani nimevitunga kwa ajili ya mazoezi. Vinakili kwenye kompyuta yako na urudie hesabu. Ukipata majibu tofauti na yangu, simama hapo kabla ya kugusa data zako.

## Andaa haya kwanza

- Metali rejea nne zenye cheti: indiamu, stani (bati), risasi na zinki.
- Mizani inayosoma hadi 0.01 mg.
- Vikombe vipya vya alumini na vifuniko vyake, kibano, na kisu kisafi kwa kila metali.
- Nitrojeni kavu na kipimo cha mtiririko.
- Betri ya akiba, ile onduleur, iliyochajiwa.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice.
- Daftari la karatasi.

Joto la kuyeyuka la metali hizo ni: indiamu 156.60 °C, stani 231.93 °C, risasi 327.46 °C na zinki 419.53 °C. Indiamu, stani na zinki ni miongoni mwa nukta zilizotumika kuunda kipimio cha kimataifa cha joto cha mwaka 1990. Risasi haimo katika nukta hizo, ingawa joto lake la kuyeyuka linajulikana vizuri sana. Kwa sababu hiyo mimi huiweka risasi kando iwe shahidi: haiingii kwenye hesabu ya marekebisho, inaitwa baadaye kuipima hesabu hiyo.

Kwa risasi vaa glavu, na unawe mikono kabla ya kugusa chakula. Vipande vidogo vinavyobaki kwenye kisu usivipulize. Vifute kwa karatasi yenye maji na uitupe kwenye chombo cha taka za metali.

## Hatua ya 1: Andika mipaka kabla ya kuona namba

Fungua daftari na uandike leo, kabla ya kupima chochote, ni hitilafu gani utaikubali. Ukingoja hadi uone matokeo, macho yataanza kuyahurumia.

Mipaka yangu kwa kazi za kawaida ni hii: marudio ya metali moja yasitawanyike zaidi ya mkengeuko sanifu wa 0.1 °C, shahidi asikosee zaidi ya 0.2 °C, na joto la kuyeyusha, yaani nishati inayohitajika kuyeyusha kila gramu, lisiachane na cheti kwa zaidi ya asilimia 2.

Mipaka yako inategemea kazi yako. Malakiti, yale madini ya kijani ya shaba, inapovunjika kwa joto, inavunjika katika upana wa makumi ya digrii, kwa hiyo nusu digrii haitabadilisha uamuzi wa mtu yeyote. Lakini anayepima usafi wa dawa kwa umbo la kilele cha kuyeyuka, ule mwinuko unaotokea kwenye mchoro kitu kinapoyeyuka, anahitaji mipaka midogo zaidi.

Utajua umefaulu: ukurasa una tarehe, mipaka mitatu na sahihi yako, na chini yake bado ni peupe.

## Hatua ya 2: Kusanya data ambazo zinaweza kuchambuliwa

Hakuna hesabu inayookoa vipimo vilivyochanganywa. Chagua kasi moja ya kupasha joto, gesi moja, mtiririko mmoja, aina moja ya kikombe, na usibadilishe hata kimoja hadi metali ya mwisho. Katika mfano wetu: 10 °C kwa dakika, nitrojeni, 50 ml kwa dakika, vikombe vya alumini vyenye kifuniko.

Pima kipande cha kati ya 5 na 10 mg, kilichopigwa kikawa bapa ili kilale vizuri kwenye sakafu ya kikombe. Kipande cha mviringo kinagusa kikombe kwa nukta moja tu; joto linachelewa kufika na kilele kinainama.

Indiamu, stani na risasi ziyeyushe mara moja kwanza, ziache zigande, halafu uanze kuhesabu kuanzia mpasho wa pili. Mpasho wa kwanza unaziunganisha na kikombe. Fanya mipasho mitano ya kuhesabiwa kwa kila metali.

Zinki haifuati utaratibu huu, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Zinki iliyoyeyuka inaila alumini ya kikombe na kufanya nayo aloi. Aloi ya metali hizo mbili inaanza kuyeyuka kwenye 381 °C, karibu digrii 40 chini ya zinki safi. Kwa hiyo tumia kipande kipya na kikombe kipya kila mara, na usipande zaidi ya 430 °C. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa sijui hili. Nilirudia kipande kimoja cha zinki mara sita, nikaona joto linashuka kila mpasho, nikaandika kwamba kitambuzi kinakufa. Kitambuzi kilikuwa kizima. Mtu aliagiza kingine kwa sababu ya maandishi yangu.

Usitumie data za kupoa kwa ugezi. Metali safi zinapopoa zinapitiliza joto la kuganda kabla ya kuganda kweli, na stani inaweza kupitiliza kwa makumi ya digrii. Namba hiyo haina uhusiano na cheti.

Tahadhari ya hapa kwetu: courant, yaani umeme, ikikatika katikati ya mpasho, futa mpasho huo wote, hata kama onduleur ilishika. Jenereta ikiwashwa na tanuru linaendelea, mara nyingi mstari wa msingi, ule wa mchoro wakati hakuna kinachoyeyuka, unaruka. Andika saa ya tukio kwenye daftari.

## Hatua ya 3: Hamisha data bila kuziharibu

Toa kila mpasho kama faili la maandishi lenye safu tatu: wakati, joto la sampuli, na mtiririko wa joto. Hakikisha ni joto la sampuli, si joto la programu. Programu inasema tanuru linapaswa kuwa wapi. Kitambuzi kinasema liko wapi. Ukichukua safu ya programu, hesabu zote zinazofuata zitapendeza na zitakuwa za uongo.

Kompyuta nyingi hapa zimewekwa Kifaransa, nazo zinatumia mkato penye desimali. Mashini nyingi zinatoa nukta. Matokeo yake, Excel inaisoma 156.60 kama maandishi, na namba ndogo kama 5.12 inaweza kuigeuza kuwa tarehe 5 Desemba. Usirekebishe seli moja moja. Wakati wa kuingiza faili, iambie programu kwamba alama ya desimali ni nukta. Au libadilishe faili lote, nukta kuwa mkato, kabla ya kulifungua.

Hifadhi faili ghafi katika folda ambayo hutaandika tena ndani yake. Fanyia kazi nakala.

Utajua umefaulu: ukiomba wastani wa safu nzima ya joto, kompyuta inakupa namba na si alama ya kosa, na idadi ya mistari inalingana na muda wa mpasho. Mpasho wa dakika 6 uliorekodiwa kila sekunde una mistari karibu 360.

## Hatua ya 4: Chora, halafu tazama kwa macho

Usianze na hesabu. Chora mtiririko wa joto dhidi ya joto la sampuli, mipasho mitano juu ya mchoro mmoja, na uitazame kwa utulivu.

Unatafuta mstari wa msingi ulionyooka kabla na baada ya kilele, ukingo wa mbele ulionyooka na mkali, na mipasho inayolaliana. Kisha tafuta wageni. Kilele kidogo karibu na 183 °C kwenye stani au risasi kinasema metali hizo mbili zimegusana, kwa kawaida kupitia kisu au kibano, maana mchanganyiko wao unayeyuka hapo. Kilele karibu na 381 °C kwenye zinki unakijua tayari. Bega kwenye ukingo wa mbele linasema kipande kimevunjika vipande viwili, au kimesogea ndani ya kikombe.

Angalia pia mwelekeo. Mashini nyingine zinachora kuyeyuka kukielekea juu, nyingine chini. Chagua mmoja, uandike kwenye mchoro, ugeuze alama ya safu nzima kama inahitajika. Mimi natumia kuyeyuka kuelekea juu.

Mpasho wenye sababu inayoonekana unautoa sasa, kabla hujajua namba yake ni ngapi, na unaandika sababu. Mpasho usio na sababu unabaki, hata ukija kukuudhi baadaye.

## Hatua ya 5: Pata mwanzo wa kuyeyuka

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na hapa ndipo nusu ya mafaili ninayoletewa yanapoanguka. Cheti kinataja joto la kuyeyuka. Joto hilo kwenye mchoro ni mwanzo wa kilele. Ncha yake ni kitu kingine. Ncha inahama: kipande kikiwa kizito inasogea mbele, kasi ikiongezeka inasogea mbele, kikombe kikikaa vibaya inasogea mbele. Mwanzo unasogea kidogo sana.

Lakini usichukue nukta ya kwanza ambapo mstari unaonekana kuinuka, kwa sababu watu wawili hawataona nukta moja. Tunatumia makutano ya mistari miwili.

Mstari wa kwanza ni wa msingi. Chukua data za kabla ya kilele, kwa indiamu kati ya 140 na 152 °C, na utafute mteremko na kikatizi chake, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa wima. Kwenye Excel ya Kifaransa ni PENTE na ORDONNEE.ORIGINE, na vitenganishi ndani ya mabano ni nukta-mkato. Viite a1 na b1.

Mstari wa pili ni wa ukingo wa mbele. Tafuta urefu wa kilele juu ya msingi, kisha chukua nukta zilizo kati ya asilimia 20 na asilimia 80 ya urefu huo, upande wa kupanda tu. Tafuta mteremko na kikatizi chake: a2 na b2.

Makutano: joto la mwanzo = (b1 − b2) ÷ (a2 − a1).

Kwa nini 20 hadi 80? Chini ya hapo ukingo bado unapinda kutoka kwenye msingi, na juu ya hapo unaanza kulegea kuelekea ncha. Nukta ziwe angalau sita. Zikipungua, umerekodi kwa kuruka sana. Rudia mpasho ukirekodi mara nyingi zaidi kwa sekunde.

Programu ya mashini ina kitufe kinachofanya hesabu hii. Kitumie, lakini kwa mpasho mmoja fanya kwa mkono na ulinganishe. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.05 °C, angalia programu imeweka wapi mipaka ya msingi. Mara nyingi imeingiza sehemu ya kilele ndani yake.

Utajua umefaulu: ukisogeza mpaka wa msingi kwa digrii 2 kila upande, jibu linabadilika kwa 0.02 °C au chini ya hapo.

## Hatua ya 6: Pima utawanyiko

Indiamu ya mfano wetu, mipasho mitano: 157.12, 157.05, 157.10, 157.08, 157.15. Wastani ni 157.10. Mkengeuko sanifu, ule wa sampuli unaogawanya kwa 4 na si kwa 5, ni 0.038. Tuko ndani ya mpaka wa 0.1.

Ukitaka kujua wastani wenyewe unaaminika kiasi gani, gawanya 0.038 kwa kipeuo cha pili cha 5, upate 0.017, halafu uzidishe kwa 2.78, kigawo cha vipimo vitano kwa uhakika wa asilimia 95. Jibu ni ±0.05 °C. Namba hii iandike pembeni ya wastani kila mara. Inakuambia kwamba kubishana juu ya 157.10 na 157.12 ni kupoteza mchana.

Tazama pia mpangilio. Kama namba zinapanda moja baada ya nyingine, 157.02, 157.06, 157.10 na kuendelea, mkengeuko unaweza kuwa mdogo na bado kuna tatizo: mashini haijatulia. Iache iwake saa nzima na gesi ikipita, kisha uanze upya. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Lubumbashi zina baridi kali na mchana unapata joto. Labo isiyo na kiyoyozi utaiona hiyo ndani ya data zako.

## Hatua ya 7: Tengeneza mstari wa marekebisho

Marekebisho ni joto la cheti ukitoa joto ulilopima. Hesabu mpangilio huo sikuzote, usije ukageuza alama.

- Indiamu: 156.60 − 157.10 = −0.50
- Stani: 231.93 − 232.59 = −0.66
- Zinki: 419.53 − 420.60 = −1.07

Unaona sasa kwa nini indiamu pekee haitoshi. Anayerekebisha kwa −0.50 kila mahali atakuwa amekosea zaidi ya nusu digrii kwenye zinki. Huyo ndiye anayeniandikia kwamba risasi imemkataa.

Weka joto ulilopima kwenye mhimili wa mlalo na marekebisho kwenye wima, utafute mstari. Kwa namba hizi mteremko ni −0.00217 na kikatizi ni −0.158. Kwa hiyo:

Marekebisho = −0.158 − 0.00217 × joto lililopimwa

Angalia masalio, yaani tofauti kati ya kila nukta na mstari. Hapa hayafiki 0.01 °C. Data zangu za kweli hazijawahi kuwa nzuri kiasi hicho, na zako zikitoka hivyo usifurahi haraka: nukta tatu zinaufurahisha karibu mstari wowote. Wala usikubali kubadilisha mstari kuwa mpindo wa daraja la pili ili masalio yawe sifuri. Mpindo wa daraja la pili unapita katikati ya nukta tatu zozote duniani, hata zilizokosewa.

## Hatua ya 8: Mwite shahidi

Risasi haikuingia kwenye mstari. Mfano wetu umeipima 328.41. Marekebisho yake kwa kanuni ni −0.158 − 0.713 = −0.87. Joto lililorekebishwa ni 327.54. Cheti kinasema 327.46. Hitilafu ni 0.08, na mpaka tulioandika kwenye hatua ya 1 ni 0.2. Mstari umepita.

Hitilafu hii ya shahidi ndiyo ya kweli kuitaja kwenye ripoti, kuliko masalio ya mstari. Ukiulizwa joto lako lina uhakika kiasi gani kati ya 157 na 420 °C, sema ±0.2 na uonyeshe risasi.

Shahidi akikataa, usimwingize kwenye mstari ili anyamaze. Angalia mambo haya kwa utaratibu: je, risasi ilikuwa na ngozi ya oksidi, ile ya kijivu iliyofifia? Ikwangue na urudie. Je, ilipimwa kwa kasi na gesi ileile? Je, zinki ilikuwa mpya? Vyote vikiwa sawa, basi mashini yako hainyooki katika masafa hayo, na itakubidi utumie mistari miwili au upunguze masafa ya kazi.

Chini ya 157 °C na juu ya 420 °C hujapima kitu. Usiunyooshe mstari hadi 600 kwa matumaini. Ukihitaji huko juu, alumini safi inayeyuka kwenye 660.32 °C na fedha kwenye 961.78 °C, lakini hapo unaacha vikombe vya alumini na kutumia vya alumina, yaani oksidi ya alumini. Ukibadilisha kikombe, ugezi wote unaanza upya.

## Hatua ya 9: Eneo la kilele

Joto la kuyeyusha linatoka kwenye eneo lililo kati ya kilele na mstari wa msingi. Hesabu eneo dhidi ya wakati kwa sekunde. Miliwati mara sekunde ni milijuli; gawanya kwa miligramu, upate juli kwa gramu moja kwa moja. Ukihesabu dhidi ya joto, lazima ugawanye kwa kasi: 10 °C kwa dakika ni 0.1667 °C kwa sekunde. Aliyesahau atapata jibu lililopungua mara sita, na kosa la mara sita kamili ni alama ya vidole vya kosa hili.

Indiamu ya mfano: 27.4, 27.6, 27.3, 27.5, 27.4 J/g. Wastani ni 27.44. Cheti tuseme kinasema 28.6. Kigawo ni 28.6 ÷ 27.44 = 1.042. Kuanzia sasa kila eneo linazidishwa kwa 1.042. Kisha pima stani, zidisha, na ulinganishe na cheti chake. Hapa stani ndiye shahidi.

Mizani ndiyo inayoharibu sehemu hii. Kosa la 0.1 mg kwenye kipande cha 5 mg ni asilimia 2, mpaka wetu wote umeliwa kabla ya kuwasha tanuru. Pima kikombe kabla na baada ya mipasho. Kama uzito umepungua, kitu kimetoka na mpasho huo haufai.

## Hatua ya 10: Kasi ya kupasha

Marekebisho uliyopata ni ya 10 °C kwa dakika pekee. Kama labo yako inatumia kasi tofauti, rudia indiamu kwa kasi tatu. Mfano: kwa 5 tumepata 156.88, kwa 10 ni 157.10, kwa 20 ni 157.54. Chora dhidi ya kasi: mteremko ni 0.044, na ukifika kasi sifuri mstari unagusa 156.66.

Hii inakufundisha mambo mawili tofauti. Kitambuzi chenyewe kimekosea kwa 0.06 tu. Zaidi ya hapo ni kuchelewa kwa joto kufika, na 0.044 ya dakika ni sekunde 2.6. Mashini ileile ikionyesha sekunde 5 mwaka ujao, kuna uchafu chini ya kikombe au gesi imebadilika. Heliamu, kwa mfano, inapitisha joto haraka kuliko nitrojeni, na namba zote hizi zitahama.

## Kama mashini yako ina TGA

Kwa uzito, tumia kalsiamu oksaleti yenye molekuli moja ya maji. Inapungua kwa ngazi tatu zinazojulikana kwa hesabu ya kemia: maji asilimia 12.33, kisha kaboni monoksidi 19.17, kisha kaboni dioksidi 30.12. Inabaki chokaa 38.38. Linganisha asilimia, joto la ngazi hizo usilitumie kwa ugezi, maana linahama na gesi, kasi na wingi.

Kabla ya hapo, pima kikombe kitupu kwa mpasho uleule na uutoe mchoro wake kwenye mchoro wa sampuli. Gesi inapopata joto inakuwa nyepesi, msukumo wake wa kuinua unapungua, na mizani inaona uzito "ukiongezeka". Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko ya pwani. Kwa hiyo mchoro wa kikombe kitupu uliotumwa na kiwanda haukufai. Pima wa kwako, hapa. Kwa sababu hiyohiyo usikague joto kwa kuchemsha maji: hapa yanachemka karibu na 96 °C. Kuyeyuka kwa metali hakujali mwinuko.

Wapo wanaotaka kutumia malakiti, kwa kuwa imejaa mkononi. Malakiti safi inapoteza asilimia 28.05 na kuacha oksidi ya shaba. Lakini jiwe la mgodini lina mchanga na madini mengine ndani yake, hata likiwa la kijani kinachopendeza namna gani. Lipime kama sampuli, kamwe lisiwe rejea.

## Hatua ya 11: Ingiza, kisha hakikisha

Sasa ndipo unapobonyeza kitufe. Kwanza piga picha ya ukurasa wa vigawo vya zamani. Ingiza vipya. Pima indiamu na risasi upya, vipande vipya.

Indiamu ikisoma karibu 156.60, sawa. Ikisoma karibu 157.60, umegeuza alama: kosa limeongezeka maradufu badala ya kufutika. Ikisoma karibu 156.10, marekebisho yameingia mara mbili, kwa kawaida moja kwenye mashini na moja kwenye jedwali lako la Excel. Ikibaki 157.10, mashini haijahifadhi. Nyingine zinahitaji kuzimwa na kuwashwa.

Andika kwenye ukurasa mmoja: tarehe, kasi, gesi na mtiririko, aina ya kikombe, namba za vyeti, mteremko, kikatizi, kigawo cha eneo, hitilafu ya shahidi, mipasho iliyotolewa na sababu zake. Ubandike karibu na mashini, mahali ambapo mtu wa zamu ya usiku atauona.

Baada ya hapo, kila Jumatatu kabla ya sampuli ya kwanza, pima indiamu mara moja na uweke nukta kwenye mchoro wa ukutani wenye mistari ya juu na chini kwa 0.2 °C. Nukta moja ikitoka nje, rudia kwa kipande kipya. Ya pili ikitoka, simamisha sampuli. Nukta saba mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati, hata zikiwa ndani ya mipaka, zinatosha kurudi hatua ya 2. Rudi huko pia kila unapobadilisha mtungi kwenda gesi nyingine, kitambuzi, tanuru, au aina ya kikombe, na mashini ikihamishwa chumba.